Boeing 727 na DC-9: sauti ya motere za zamani inasema nini

Kwa wakaaji wa mitaa inayopakana na kiwanja cha ndege, iwe Goma, Kisangani ama Lubumbashi, kulikuwa na wakati ambapo mtu hakuhitaji kuinua kichwa ili ajue ndege gani inaruka. Sikio lilitosha. Antonov ya mapanga ilikuwa na mvumo wake mzito. Boeing 727 na DC-9, zenyewe, zilianza na mluzi mwembamba kama wa filimbi, mluzi ukapanda, kisha ukaja mngurumo wa kutikisa mabati ya nyumba. Watoto waliziba masikio, na mwalimu alinyamaza mpaka ndege ipite.

Siku hizi sauti ile imekuwa haba. Ndege za sasa, kama Airbus A320 ambazo Congo Airways ilianza nazo mwaka 2015, zinaruka na kelele ndogo zaidi. Watu wengine wanasema: ndege za zamani zilikuwa na nguvu, hizi mpya ni dhaifu. Hapana. Kelele si nguvu. Katika makala hii tunaeleza namna motere ya ndege ya zamani ilivyowashwa, kila sauti ilitoka wapi, juu ya nini ilikuwa kali vile, na kwa nini jambo hili linamuhusu hata mtu ambaye hajapanda ndege hata siku moja.

Motere moja, ndege nyingi

Ndege ya kwanza ya jet kubeba abiria kwa safari za kawaida ilikuwa Comet ya Uingereza. Tarehe 2 Mei 1952 ilitoka London kwenda Johannesburg, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo watu wa Entebbe, majirani wetu wa Uganda, walipata safari za kawaida za jet ya abiria mbele ya watu wa New York.

Lakini sauti ambayo Wakongo wengi wanaikumbuka inatoka kwa motere nyingine: JT8D, iliyotengenezwa na kampuni Pratt & Whitney ya Marekani. Ilianza kubeba abiria mwaka 1964, ikiwa kwenye Boeing 727. Baadaye ikawekwa kwenye DC-9 na kwenye Boeing 737-200. Boeing ilitengeneza 727 zipatazo 1,832, na DC-9 zilikuwa 976. Motere za JT8D zenyewe zilipita 14,000. Njo maana mtu aliyekuwa karibu na kiwanja cha ndege katika miaka ya 1970 mpaka 2000, awe Chicago ama Kinshasa, alisikia karibu sauti ileile.

Boeing 727 ilikuwa na motere 3, zote nyuma: 1 kila upande na 1 katikati, chini ya mkia. DC-9 ilikuwa na 2, nazo nyuma. Abiria aliyekaa mbele alisikia kidogo tu. Aliyekaa viti vya mwisho, karibu na choo, alishuka na masikio yanalia.

Motere ya jet haiwezi kujiwasha

Ili kuelewa sauti, lazima kwanza kuelewa kazi. Ndani ya motere ya jet kuna mihimili inayozunguka, yenye safu za visu vidogo. Safu za mbele zinavuta hewa na kuikandamiza: hiyo njo kompresa. Hewa iliyokandamizwa inaingia fasi ya kuchomea, inakutana na mafuta, inawaka. Moto unatanua hewa, hewa inatoka nyuma kwa mbio, na njiani inazungusha safu zingine za visu, yaani turbini. Turbini njo inazungusha kompresa ya mbele. Hivyo mzunguko unajiendesha wenyewe.

Tatizo ni mwanzo. Motere ikiwa imesimama, hakuna hewa iliyokandamizwa. Bila hewa hiyo, ukimwaga mafuta na kuweka moto, utachoma tu. Ni sawa na pikipiki ambayo batri imekufa: wamotari wanaisukuma kwanza, izunguke, ndipo iwake. Motere ya jet nayo lazima izungushwe kwanza na nguvu kutoka nje.

Kwenye motere ya gari, kazi hiyo inafanywa na demarere ya umeme. Kwenye JT8D, demarere haitumii umeme bali hewa. Ni turbini ndogo iliyofungwa pembeni ya motere. Unaipuliza kwa hewa yenye presha, inazunguka mbio, na kupitia meno ya giya inazungusha mhimili mkubwa.

Hewa hiyo inatoka wapi? Kuna njia 3. Ya kwanza ni motere ndogo iliyo ndani ya ndege, inayoitwa APU. Kwenye DC-9 iko mkiani. Kwenye Boeing 727 iko chini, fasi magurudumu yanapoingia, na moshi wake unatokea kwenye shina la bawa la kuume. Njia ya pili ni mashini ya chini, inayokokotwa kwa gari na kuunganishwa na ndege kwa bomba nene. Ndege kubwa za mwanzo za jet, kama DC-8, kwa kawaida hazikuwa na APU, zilitegemea mashini hiyo. Njia ya tatu ni motere ambayo imekwisha kuwaka: inagawia hewa yake ile iliyo kando.

Njia hii ya tatu inaeleza jambo ambalo abiria wengi waliliona bila kulielewa. Ndege ya zamani inafika kiwanja kidogo, wengine wanashuka, wengine wanapanda, na motere moja inaendelea kulia. Si kupoteza mafuta bure. Kama APU imekufa na kiwanja hakina mashini ya kupuliza hewa, rubani akizima motere zote hataondoka tena. Motere moja inayobaki inawaka njo inawasha nyingine.

Hatua kwa hatua: masikio yanasikia nini

Tuchukue Boeing 727 iliyojaa abiria, milango imefungwa. Mbele wamekaa watu 3: rubani, kopiloti na fundi wa ndani, ambaye ana meza yake ya vipimo pembeni. Ndege mpya hazina tena huyo mtu wa tatu, kompyuta imechukua kazi yake.

Sauti ya kwanza ni ya APU. Ni mluzi mkali wa aina moja, haupandi wala haushuki. Inaweza kulia nusu saa nzima wakati abiria wanapanda, maana njo inatoa umeme na hewa baridi.

Kisha inakuja dalili ambayo ni kimya. Ndani ya ndege, ule upepo baridi wa juu ya kichwa unakatika, na joto linaanza kupanda. Abiria wa mara ya kwanza wanafikiri kitu kimeharibika. La. Fundi amefunga upepo wa abiria ili hewa yote ya APU iende kwa demarere. Mpaka leo inafanyika hivyo kwenye ndege nyingi, na mpya pia. Kwa hiyo upepo ukikatika wakati ndege bado imesimama, ujue motere iko karibu kuwashwa. Nje, taa nyekundu inayopepesa juu na chini ya mwili wa ndege inawashwa ili kuonya watu.

Rubani anafungua njia ya hewa. Unasikia mfyonzo, hewa inapita kwenye mabomba. APU inabadili sauti kidogo, sawa vile grupu ya umeme inavyonguruma mtu akichomeka pasi. Hapo mluzi wa motere yenyewe unaanza: chini kabisa, kama mtu anayeguna, halafu unapanda polepole.

Mluzi huu ni visu vya kompresa vinavyokata hewa. Kila kisu kikipita kinasukuma hewa mara moja. Tuseme safu ina visu 30 na inazunguka mara 50 kwa sekunde: hewa inapigwa mara 1,500 kwa sekunde, na sikio linasikia noti moja ya juu. Mzunguko ukiongezeka, noti inapanda. Ndiyo kusema mluzi unaopanda ni kipimo cha mbio. Mafundi wazoefu wanaujua kama mama anavyoujua mlio wa sufuria yake.

JT8D ina mihimili 2, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na mbio yake. Demarere inazungusha ule wa presha ya juu, ambao mbio yake inaitwa N2. Mwingine unafuata wenyewe, ukisukumwa na hewa. Ndiyo maana masikio yanasikia sauti 2 zinazofukuzana: moja nyembamba inayotangulia, nyingine nene inayochelewa.

N2 ikifika karibu asilimia 20 ya mbio yake kubwa, rubani anasukuma mkono wa mafuta. Mambo 2 yanafanyika pamoja: mafuta yanaingia, na buji zinaanza kupiga cheche. Mafuta haya ni ndugu wa petroli ile ya taa za nyumbani, si esansi. Ndani ya motere kuna makopo 9 ya kuchomea yaliyopangwa kwa duara, lakini ni 2 tu yenye buji. Moto ukishika hapo, unapita kwenye vibomba vidogo mpaka makopo yote yanawaka. Fundi aliyesimama karibu anaweza kusikia buji: ta, ta, ta, ta.

Sekunde chache baadaye, moto unashika. Hii si sauti ya mlipuko. Ni mvumo mzito unaotoka nyuma, vuuum, kama jiko la petroli linapokubali, ila kubwa mara nyingi. Mbele ya ndege utausikia kidogo, nyuma utausikia tumboni. Wakati huohuo rubani anatazama kipimo cha joto la moshi: sindano inapanda haraka kwa digrii mia kadhaa, inafika juu, halafu inashuka kidogo na kutulia.

Toka hapo motere inasukumwa na nguvu 2, demarere na moto wake yenyewe. N2 ikipita asilimia 35 mpaka 40, demarere inaachishwa kazi, njia ya hewa inafungwa, ule mfyonzo unakoma. Motere inaendelea peke yake mpaka mbio ya kupumzika, zaidi ya nusu ya mbio yake kubwa. Mluzi unatulia. Kazi yote kwa motere moja inachukua nusu dakika mpaka karibu dakika moja. Halafu wanaanza ya pili, na kwa 727 ya tatu. Mwishoni upepo wa abiria unarudi, na watu wanaacha kujipepea na karatasi.

Kuna sauti nyingine inayowatia watu woga bure. Ndege imesimama, motere zimezimwa, lakini unasikia kama vijiko vinagongana ndani: cha, cha, cha. Ni upepo unaozungusha visu polepole. Visu vingi havikukazwa kabisa kwenye shina lake, vinaachiwa nafasi kidogo, na mbio ikiwa kubwa vinajikaza vyenyewe. Vikizunguka polepole vinagongana. Si uharibifu.

Pale kuwasha kunapokwama

Rubani na fundi wanatumia macho na masikio pamoja, maana kuwasha njo wakati motere inaweza kuungua kwa sekunde chache.

Kuna mara mafuta yanaingia lakini moto haushiki. Mluzi upo, vuuum haiji. Nyuma ya motere unaweza kuona mvuke mweupe, ni mafuta yasiyoungua. Hapo wanakata mafuta, wanaendelea kuzungusha motere kwa hewa tupu ili ikauke, ndipo wanajaribu tena.

Kuna mara moto unashika, mluzi unapanda, halafu unakwama katikati na haupandi tena. Kuna pia mara joto linapanda kupita kipimo, maana mafuta ni mengi kuliko hewa. Sababu moja ya kawaida ni hewa dhaifu ya kuwashia: APU imechoka, ama mashini ya chini haina presha. Hapa kwetu kuna kitu kinachoongeza shida. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Kavumu ya Bukavu ni juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi. APU inapata hewa kidogo ya kusukuma, na motere zenyewe zinatoa nguvu pungufu kuliko pwani. Kwa sababu hiyo, wakati wote wa kuwasha, mkono wa rubani hauachi ule mkono wa mafuta. Joto likikimbia, anakata palepale.

Kuna pia mara ulimi wa moto unatoka nyuma ya motere kwa sekunde chache, kwa sababu mafuta yalijikusanya mle ndani. Ukiwa kwenye kiti unaweza kupiga kelele na kukimbilia mlango. Usifanye hivyo. Moto huo uko ndani ya bomba lililotengenezwa kubeba moto. Dawa yake ni kukata mafuta na kuendelea kuzungusha motere ili hewa iusukume nje. Kuna abiria waliovunjika miguu kwa kujitupa nje ya ndege ambayo haikuwa inaungua. Sikiliza watumishi wa ndege, wao njo wanatoa amri ya kuondoka.

Na kuna kishindo: pa! pa! kama bunduki. Hiyo ni hewa iliyogeuka ndani ya kompresa na kurudi mbele badala ya kwenda nyuma. Kishindo hicho ni jambo la kuripoti na kuchunguza. Hakizoeleki.

Juu ya nini zilikuwa na kelele vile

Mluzi wa kuwasha ni kitu kimoja. Mngurumo wa kuruka ni kingine. Mluzi unatoka ndani ya motere, kwenye visu. Mngurumo unatoka nje, nyuma, fasi hewa moto yenye mbio inagongana na hewa iliyosimama. Hewa hizo 2 zinararuana, na kule kuraruana njo kelele.

Mwaka 1952, mwaka uleule wa Comet, mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, James Lighthill, alionyesha kanuni ambayo mpaka leo inawaongoza watengenezaji. Mbio ya hewa inayotoka ikizidishwa mara 2, nguvu ya sauti haizidi mara 2 ama mara 4. Inazidi karibu mara 256. Ukipunguza mbio ya hewa kidogo tu, kelele inaanguka sana.

Je, unaweza kupunguza mbio ya hewa bila kupunguza msukumo? Ndiyo, ukisukuma hewa nyingi zaidi. Fikiria mvuvi wa Ziwa Kivu. Akipiga maji na fimbo nyembamba, hata akipiga haraka sana, mtumbwi unakwenda kidogo na maji yanaruka kote. Akitumia kasia pana, anavuta polepole, mtumbwi unateleza kimya. Motere za jet za mwanzo zilikuwa fimbo. JT8D ilikuwa kasia jembamba: kipenyo cha feni yake ya mbele kilikuwa karibu mita 1, na hewa iliyopita pembeni ya moto ilikuwa karibu sawa na ile iliyopita ndani ya moto. Motere ya CFM56 ya Airbus A320 ina feni ya mita 1.73, na hewa ya pembeni ni mara 5 mpaka 6 ya ile ya ndani. Hiyo hewa ya pembeni inafunika hewa moto kama blanketi.

Basi mtu anayesema ndege ya zamani ilikuwa na nguvu kwa sababu ililia, amegeuza mambo. JT8D za kwanza zilisukuma kama kilo 6,350 kila moja. CFM56 nyingi za A320 zinasukuma zaidi ya kilo 11,000, kwa kelele ndogo na mafuta machache. Mngurumo ulikuwa alama kwamba hewa inatupwa kwa mbio kupita lazima. Moshi mweusi nao ulikuwa alama ya kaboni isiyoungua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni yalianza kubadili makopo ya kuchomea ili kuupunguza.

A320 nayo ina sauti yake ya ajabu, kama mbwa anayebweka chini ya sakafu wakati motere ya pili inawashwa. Wasikilizaji wengi wanaiulizia. Ni pompi inayosawazisha presha ya mafuta ya breki na mabawa. Haina neno.

Namna zilivyofika kwetu

Kelele ilianza kuleta siasa. Watu wanaoishi karibu na viwanja vya Marekani na Ulaya walilalamika, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Mwaka 1969 Marekani ilitoka na sheria ya kwanza ya kupima kelele za ndege. Miaka 2 baadaye OACI, shirika la ndege la Umoja wa Mataifa, likakubali kanuni zake. Kisha masharti yakakazwa. Mwisho wa mwaka 1999 Marekani ilikataza ndege kubwa za kundi la kelele za zamani. Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo tarehe 1 Aprili 2002.

Mwenye Boeing 727 alikuwa na njia 3. Kuipeleka kwa chuma chakavu. Kuiwekea vifaa vya kupunguza kelele, ambavyo ni vizito na vya bei. Ama kuiuza nchi ambako sheria hiyo haikazwi. Nyingi zilikuja Afrika na Amerika ya Kusini. Kongo, yenye barabara chache na umbali mkubwa, ilihitaji ndege, na ndege za zamani zilikuwa za bei nafuu. Motere ilijulikana na mafundi, vipuri vilipatikana. Kwa hiyo kelele haikuisha. Ilihama. Ile iliyokatazwa usingizini mwa watu wa Ulaya ilikuja kulia juu ya mabati yetu.

Ku mwisho wa pisti

Kwa mwili wa mtu, kelele si maudhi tu. Watu wanaofanya kazi viwanjani wanashauriwa wasizidi desibeli 85 kwa saa 8 za kazi bila kuziba masikio. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Karibu na motere ya jet, ni dakika. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi. Mbeba mizigo anayefanya kazi chini ya ndege bila kaske ya masikio anauza masikio yake pamoja na jasho lake.

Kwa wakaaji wa kando, OMS, shirika la afya la ulimwengu, ilitoa mwaka 2018 mwongozo kwa nchi za Ulaya: kelele ya ndege isizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima, na 40 usiku. Utafiti uliotangazwa mwaka 2005, juu ya watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10 wa Uingereza, Uholanzi na Uhispania, ulionyesha kwamba kelele nyingi za ndege zinakwenda pamoja na watoto kuelewa kidogo wanachosoma. Yule mwalimu anayenyamaza mpaka ndege ipite hapotezi dakika tu.

Na kelele inatuambia jambo lingine: kama inakupasua masikio, uko karibu sana. Goma inalijua hili kuliko miji mingine. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya pisti, ndege zikabaki na urefu pungufu. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa pisti na kuingia mtaa wa Birere, penye maduka na nyumba. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wakiuza, wakinunua, wakipita njia. Suala la kelele na suala la usalama yana mzizi mmoja: nyumba, shule na soko kusogelea pisti mpaka kuigusa, na viongozi kuacha iwe hivyo.

Mambo ya kushika

Taa nyekundu ya ndege ikipepesa, hesabu kwamba motere inawaka, hata kama husikii kitu. Usipite mbele yake, inavuta. Usipite nyuma yake, pumzi yake inaweza kumwangusha mtu na kurusha mawe mbali.

Upepo wa ndani ukikatika kabla ya kuondoka, ni kawaida. Mluzi unaopanda na kutulia, ni kawaida. Kishindo kikali, moshi ndani ya ndege ama harufu ya kuungua, mwambie mtumishi wa ndege mara moja.

Kama unafanya kazi kiwanjani, dai vifaa vya masikio. Ni haki yako, na ni vya bei ndogo ukilinganisha na bei ya kuwa kiziwi.

Na kama unatafuta kiwanja cha kujenga, ukaona ardhi ya bei rahisi ku mwisho wa pisti, simama hapo siku moja nzima, sikiliza kwanza, ndipo utoe pesa.

Boeing 727 ya mwisho kubeba abiria kwa safari za kawaida iliacha kazi nchini Iran mnamo Januari 2019. Zilizobaki ni chache, zinabeba mizigo ama kazi maalumu. Wapo wanaoikumbuka sauti ile kwa furaha, na si vibaya, maana ilileta ndugu, barua na bidhaa kutoka mbali. Ila watoto wanaosoma leo kando ya pisti wanahitaji kimya zaidi kuliko kumbukumbu zetu.